Weka Kijiko Chini

Tarehe 4 Februari

Kwa mjukuu wangu,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Hujambo? Wenzako kazini hawajambo? Miguu yako, ile iliyokuwa ikivimba ukisimama sana, inaendeleaje? Mimi nipo, ila nimekonda, na kifua kimekuwa kama debe la kokoto. Nitayafikia hayo.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Miaka sita hujaniandikia na mimi sijakuandikia, na kama ni ubishi, wewe umeurithi, hukuuokota njiani. Anwani ya kiwanda nimepewa na kaka yako fundi wa kuchomea vyuma. Nilimbana mpaka akaitoa, kwa hiyo usimlaumu. Simu sipigi kwa sababu sikio la kulia limekufa na la kushoto linasikia linachotaka, na pia kwa sababu nilipokuwa napiga ulikuwa hupokei.

Sasa sikiliza. Mwezi wa kumi na moja nilipata kiharusi kidogo. Nasema kidogo kwa kuwa daktari alisema kidogo, yeye hakikumpata. Mdomo ulikwenda upande, ukarudi. Mkono ulilegea, ukarudi. Kilichobaki kibovu ni koo. Chakula kinasahau njia, kinaingia kwenye pumzi badala ya kwenda tumboni, na mara mbili sasa nimelazwa kwa homa ya mapafu. Mara ya pili kulikuwa na nesi mmoja mwembamba, mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Akavuta kiti akanitazama nikila. Nilipomaliza akasema, "Bibi, wewe hutauawa na maradhi, utauawa na haraka yako. Ukiendelea kula hivi, mara ya tatu hatutakurudisha nyumbani."

Nikamwambia nimekula hivi miaka sitini na nane na sijafa.

Akasema, "Ndiyo, ulikuwa na koo."

Akanipa masharti. Nikae wima. Kijiko kiwe kidogo, cha chai. Nitafune mpaka kiwe uji. Nishushe kidevu, nimeze, kisha nimeze tena mdomo ukiwa mtupu. Niweke kijiko chini kabla ya kuchota kingine. Mlo mmoja usipungue dakika arobaini. Dakika arobaini, mjukuu wangu. Mimi kwa dakika arobaini napika, nakula, naosha vyombo, na nimeshakwenda kumsema mtu.

Nimejaribu. Nimeweka saa ya mezani mbele yangu, nimeweka kijiko chini kama nilivyoambiwa, na nikigeuka kidogo nakuta kimerudi mkononi na sahani ni nyeupe. Jana nilitumia dakika nne. Mkono haunisikii kabisa, una akili zake.

Nikakaa nikafikiri ni nani katika ukoo huu aliwahi kula polepole. Nimewapitia wote, walio hai na waliozikwa. Ni wewe peke yako. Wenzako walikuita Kobe. Ulikuwa unauangalia wali kama mtu anayechambua mchele. Ulikuwa unanitia wazimu.

Basi niandikie ulikuwa unafanyaje. Usiniandikie mambo ya moyo, niandikie ya mdomo. Unaanza vipi, mkono unauzuia na nini, na kati ya kijiko na kijiko unafanya kazi gani. Sikuombi, nakuuliza. Na ujibu mapema, maana nesi yule hakuwa anatania.

Ni mimi bibi yako


Tarehe 13 Machi

Shikamoo Bibi,

Natumaini barua hii itakukuta na nafuu. Mimi mzima. Miguu bado inavimba. Ahsante kwa kuiulizia. Pole kwa kiharusi na pole kwa kifua. Kaka hakuniambia kitu. Labda alidhani sitaki kujua.

Barua yako ilikaa kwa mlinzi wa getini wiki mbili, halafu ikakaa kwangu wiki mbili nyingine juu ya kabati. Nakuambia ukweli ili usiwasingizie watu wa posta.

Umeniuliza nilikuwa nakula vipi polepole. Umechelewa, Bibi. Sijui tena. Niko kwenye kiwanda cha kushona sare, nashona matundu ya vifungo. Tuko arobaini kwenye mstari mmoja. Mchana tunapewa robo saa, na ndani ya hiyo robo saa kuna foleni ya kunawa, kuna msalani, na kuna kurudi kwenye kiti kabla msimamizi hajapita. Kwa hiyo tunakula tumesimama kando ya ukuta, bakuli mkononi. Mimi huwa wa kwanza kumaliza kila siku. Wenzangu wananiita Mashine. Ungenipenda sasa hivi.

Jioni nikirudi chumbani hakuna anayenikimbiza, ila nakula vilevile. Mkoba bado uko begani, mlango sijaufunga, sufuria iko mkononi. Baadaye tumbo linakaza kama ngoma. Duka la dawa huniuzia unga mweupe wa kukoroga na maji. Huu ni mwaka wa pili naunywa.

Kwa hiyo yule mwalimu unayemtafuta hayupo.

Ninachokumbuka ni kwamba sikuwa nafanya kitu chochote ili nile polepole. Nilikuwa nakula tu. Aliyekuwa anafanya kitu ni wewe. Ulikuwa unasimama mlangoni na viatu miguuni, unahesabu kwa sauti mpaka mia mbili. Ikifika mia mbili unakusanya sahani. Za wenzangu zilikuwa zimelambwa. Yangu ilikuwa haijafika nusu, na ulikuwa unaichukua na kilichomo. Mpaka leo sijui ulikuwa unampa nani. Nilikuwa nadhani ni kuku wa jirani.

Ugua pole.

Mjukuu wako


Tarehe 27 Machi

Marahaba, mjukuu wangu,

Nimepata barua yako. Nimeisoma mara tatu, na si kwa raha, ni kwa kuwa miwani ina mkwaruzo. Tumbo hilo unaloliwekea unga mweupe ulichunguze hospitali, si dukani. Muuza dawa kazi yake ni kuuza.

Kuhusu kuhesabu. Sikatai, nilihesabu. Mlikuwa sita, watoto wa binti zangu wawili, mmoja kaburini na mmoja hajulikani aliko hadi leo. Mimi nilikuwa nafua mashuka ya hospitali. Hayo mashuka usiniulize yalikuwa na nini. King'ora cha kutoka kinalia saa saba, cha kurudi kinalia saa saba na nusu. Kuja nyumbani dakika kumi, kurudi dakika kumi. Zilizobaki kumi ndizo za kupakua, kuwalisha sita, na kumtenganisha kaka yako na mtu aliyemuuma. Aliyekuta lango la dobi limefungwa alirudi kwake na hakuambiwa aje kesho. Kwa hiyo nilisimama na viatu. Ulitaka nisimame na nini?

Hayo ya kuku wa jirani tuyaache.

Sasa kuhusu mwalimu. Unasema hayupo. Mimi nasema yupo, ila amelala. Kitu ulichokijua ukiwa na miaka saba bila kufundishwa hakiwezi kwenda mbali. Kwa hiyo nimeamua hivi. Kila Jumapili saa saba mchana, wewe huko na mimi huku, tunakaa kula. Kukaa, si kusimama. Mlango umefungwa, mkoba umetundikwa. Halafu unaniandikia umetumia dakika ngapi na kilichokushinda, na mimi nakuandikia. Usije ukadhani ni mapenzi haya, ni dawa. Mimi nimeshachoka kulazwa na watu wanaokohoa kuliko mimi.

Bibi yako


Tarehe 22 Aprili

Shikamoo Bibi,

Habari za afya? Umefuata masharti? Kikohozi kimepungua? Mimi naendelea, nimechoka tu. Mwezi huu tumepewa oda ya sare za shule na tunaingia hata baadhi ya Jumapili.

Nimefanya ulivyosema, siku ambazo sikuingia kazini. Ripoti yako hii hapa.

Jumapili ya kwanza nilikaa, nikafunga mlango, nikala, nikatazama saa. Dakika saba. Nilijiona nimefanya jambo kubwa mpaka nilipokumbuka kwamba dakika mbili kati ya hizo nilikuwa natafuta chumvi.

Jumapili ya pili nilikuwa kazini. Sina la kuripoti, nilisimama ukutani.

Jumapili ya tatu nilivua viatu kabla ya kukaa. Sijui kwa nini. Nadhani mtu asiye na viatu hana pa kukimbilia. Nikajitazama kama ninavyoitazama mashine inapokata uzi, nione kosa liko wapi. Nikaliona. Kijiko cha pili kinakuwa kimeshafika mdomoni wakati cha kwanza hakijamezwa. Sili kilichopo, nakula kinachofuata. Na nikimaliza kinachofuata, sahani imekwisha na mimi sijala. Basi nilipokiona hicho nikacheka peke yangu, nikapaliwa, nikanywa maji. Dakika kumi na mbili.

Jaribu kuvua viatu.

Hukunijibu kuhusu sahani. Unasema tuyaache. Mimi ndiye ninayetakiwa kusema tuyaache, Bibi, si wewe.

Mjukuu wako


Tarehe 19 Mei

Marahaba,

Natumai oda ya sare imekwisha na umepata kulala. Mtu aliyelala vibaya hata kutafuna hawezi. Kifua changu kina nafuu, kikohozi nakisikia asubuhi tu.

Viatu nimevua. Jirani yangu mshona viatu, yule mjane mwenye mdomo, alinikuta peku mezani akauliza kama nimeanza kusali upya. Nikamwambia nakula. Akasema, "Mbona unakula kama unafanya mtihani?" Nikamwambia ndiyo, na mwalimu wangu ana miaka ishirini na sita na hanipendi.

Mkono ulikuwa bado unanishinda, nikaupatia dawa: naukalia. Nachota, natia mdomoni, naweka kijiko chini, halafu mkono nauweka chini ya paja na kuukalia kabisa mpaka mdomo uwe mtupu. Hauna pa kwenda. Jumapili ya kwanza dakika kumi na tisa. Ya pili ishirini na tatu. Maharage, kumbe, yana utamu unaokuja baadaye, ukishakaribia kumeza. Nimeyapika miaka hamsini na sikuwa na habari.

Lakini kuna jambo nesi hakuniambia. Kati ya kijiko na kijiko kuna nafasi. Zamani sikuwa na hiyo nafasi, nilikuwa nimeijaza chakula. Sasa iko wazi, na mimi nimekaa juu ya mkono wangu sina la kufanya, basi nakumbuka. Nakumbuka nisichokiita. Na kinachokuja kila Jumapili ni kimoja, kwa hiyo nakiandika kitoke mezani kwangu.

Sahani yako nilikuwa nakula mimi.

Sufuria ilikuwa inatoa sahani sita. Nilijaribu kupakua saba, ilikuwa inatoa sita na maji. Mnakula, nakusanya, na kilichobaki kwako nakifunga kwenye karatasi, nakula njiani nikiwa natembea, kati ya kona ya muuza mkaa na lango la dobi. Kabla ya kufika langoni kimekwisha. Ndiyo maana mimi nakula hivi, na ndiyo maana koo langu liko hivi. Wenzako walikuwa hawabakizi kitu. Ungekula upesi kama wao, mimi ningefua hadi jioni na maji matupu.

Hapo ningeweza kuishia, lakini bado kuna kibaya zaidi. Ziko siku njaa ilinishika vibaya tangu asubuhi. Siku hizo sikuhesabu sawasawa. Nilikuwa nafika themanini, kisha nasema mia na ishirini. Wale wakubwa walikuwa wameinamia sahani hawasikii. Wewe hukuwa umezifikia hesabu hizo shuleni.

Sijui mtu anaombaje msamaha kwa kitu kama hiki, sikufundishwa. Nimekuambia tu ili uache kuwasingizia kuku.

Bibi yako


Tarehe 30 Juni

Kwa mjukuu wangu,

U mzima? Mimi nauliza tu. Nimeandika mwezi wa tano, sasa unakwisha wa sita, na kwa mlinzi wa geti barua hailali miezi.

Nililazwa tena siku nne. Usishtuke, nimetoka. Jumapili moja nilikuwa nakula vizuri tu, peku, nimeukalia mkono, nikasikia mtu anapiga hodi kwa jirani nikadhani ni kwangu, nikadhani ni mleta barua. Nikameza nikiwa nageuka. Yule nesi aliponiona akauliza, "Nani alikukimbiza tena, Bibi?" Nikamwambia hakuna. Amenipima uzito, nimepungua tena. Halafu akaandika kwenye kadi yangu kwamba nisile peke yangu, pawe na mtu mezani. Nikamuuliza huyo mtu anauzwa duka gani.

Kaka yako anapita, lakini yeye ni yuleyule niliyemlea. Anameza sahani akiwa anaongea na simu, halafu ananiuliza, "Bibi, bado tu?" Nimemwambia asije wakati wa chakula.

Nimefika dakika thelathini na moja. Sina wa kumwambia.

Kama umekasirika, kasirika. Hiyo haki siwezi kukunyima hata mimi. Lakini kasirika ukiwa umekaa, na usile ukiwa umekasirika, maana tumbo lako halina tofauti na koo langu.

Bibi yako


Tarehe 2 Agosti

Shikamoo Bibi,

Pole kwa kulazwa. Natumaini sasa umepata nguvu na unakula wima kama ulivyoambiwa. Mimi sijambo kiasi. Tumbo nimelipeleka hospitali kama ulivyotaka. Wamesema lina vidonda viwili, wakanipa vidonge na kuniambia nile taratibu. Nikawaambia hilo nalifanyia mazoezi tayari.

Barua yako ya mwezi wa tano niliisomea kazini, nimesimama kando ya ukuta, bakuli mkono huu na karatasi mkono huu. Nilipofika pale penye sahani niliacha kula. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kurudisha bakuli likiwa na chakula. Mwenzangu wa mashine ya pembeni aliuliza kama nimefiwa.

Sikukujibu kwa sababu sikuwa najua niandike nini, na bado sijui vizuri. Miaka yote hii nilidhani ulikuwa hunipendi. Niliona unawapenda wepesi, na mimi sikuwa mwepesi, basi nikaondoka. Ndilo lililonitoa pale nyumbani, kama hukujua. Ule ugomvi wetu wa mkoba, na maneno tuliyorushiana siku niliyoondoka, ulikuwa kisingizio. Sasa unaniambia ilikuwa njaa. Njaa siwezi kuikasirikia, Bibi, na mimi nilishazoea kukasirika. Umenichukulia na hicho.

Lakini na mimi nilikuwa na njaa. Nataka ulijue hili bila kunieleza mambo ya king'ora wala sufuria. King'ora nimekielewa. Mchana nilikuwa narudi shule nakunywa maji ya bomba mpaka yanachezacheza tumboni nikikimbia. Nilikuwa na miaka saba na nilijua kabisa kwamba hujafika mia mbili. Hesabu nilizijua. Nilikuwa nahesabu na wewe kimoyomoyo kila siku, nijue nina vijiko vingapi vimebaki. Sikusema kwa kuwa wewe ndiye bibi.

Sasa nimesema. Siwezi kukuambia yamekwisha.

Kiwanda kitafungwa siku tatu wabadilishe nyaya za umeme, kuanzia Ijumaa tarehe ishirini na tano. Jumatatu asubuhi lazima niwe kwenye kiti changu. Nitakuja. Basi la kurudi ni Jumapili saa nane mchana. Sitaki kaka aitwe, sitaki majirani waje kuniangalia nimenenepa au nimekonda. Nataka tukae mezani wawili, tuone.

Mjukuu wako


Tarehe 11 Agosti

Marahaba, mjukuu wangu,

Nashukuru kwa vidonda kujulikana. Vidonge umalize vyote, usiache ukipata nafuu.

Yale ya maji ya bomba nimeyasikia. Ulisema nisikueleze kitu, kwa hiyo sikuelezi. Nimekaa nayo Jumapili iliyopita mlo mzima na sikuinuka.

Njoo. Nina kiti kimoja. Nimemwambia jirani mshona viatu aniazime chake na yeye asikifuate.

Bibi yako


Tarehe 3 Septemba

Kwa mjukuu wangu,

Natumai ulifika salama na msimamizi hakukuchuna ngozi. Miguu uliiloweka kwenye maji ya chumvi kama nilivyokuonyesha? Mimi sijambo. Nesi kanipima jana, nimeongezeka kilo moja na nusu. Aliangalia mizani, akaipigapiga kwa mguu, akanipima upya.

Najua hatukuzungumza sana. Ijumaa ile tulikaa, tukatazamana kama wageni kwenye foleni, na baada ya dakika sita sahani zote mbili zilikuwa tupu. Uliona haya na mimi niliona haya. Ukasema, "Haya, wanafunzi wote wameanguka." Jumamosi nikianza kukimbiza kijiko, unaweka kiganja juu ya meza tu, hunigusi, hunisemeshi, na mimi naona kiganja kile napunguza mwendo. Na wewe ulipokuwa unakimbia nilikohoa. Tulifika dakika thelathini na nane. Hata hivyo sikukuona umenitazama usoni zaidi ya mara mbili, nami sikukulazimisha. Nilikuwa natazama mikono yako. Vidole vya mkono wa kulia vimepinda kama vya mwanamke wa umri wangu. Hukuniandikia hilo.

Naandika kwa ajili ya ile siku ya Jumapili, maana kuna kitu nilikudanganya na sitaki kukaa nacho tena mezani miaka ishirini kama kile kingine.

Tulianza saa saba. Ulikuwa umeshafunga mkoba wako ukauweka mlangoni. Ulikula vijiko vichache, vizuri, bila haraka, ukaweka kijiko chini, ukalaza kichwa juu ya mkono ukasema unapumzisha macho kidogo. Ukalala palepale. Mdomo wazi, peku, punje ya wali imekwama shavuni. Sijawahi kuona mtu amechoka namna ile, na mimi nimefanya kazi na wanawake waliokuwa wanalala wima wakikunja mashuka. Nikaifunika sahani yako nikaendelea kula yangu. Siku ile nilitumia dakika hamsini.

Uliamka saa tisa basi limeshaondoka. Ulikasirika. Ulisema Jumatatu nzima itaandikwa hukuja kazini, ukaniuliza mbona sikukuamsha. Nikasema sikuona saa. Ukauliza mara ya pili, nikasema miwani ina mkwaruzo. Ukakaa, ukala kilichobaki kikiwa kimepoa, taratibu, mpaka mwisho, kwa kuwa hapakuwa na basi jingine mpaka kesho yake.

Saa niliiona. Ilikuwa mbele yangu, ileile ya mezani, na honi ya basi niliisikia kwa sikio la kushoto. Saa nane kasoro robo nilisimama nikaja mpaka nyuma ya kiti chako nikuguse bega. Nikasimama hapo. Halafu nikarudi nikakaa.

Bibi yako